Macbeth hakupotoshwa na mkewe tu

Wasomaji wengi wa Macbeth, tamthilia ya Shakespeare, humtwika mke lawama zote: eti mume alikuwa mwema, akaponzwa. Sivyo. Wazo la kumuua Mfalme Duncan linamjia Macbeth mara tu baada ya kusikia utabiri wa wachawi kwamba atakuwa mfalme, kabla hajaonana na mkewe. Kweli, Lady Macbeth anamchochea, anawatilia walinzi dawa kinywajini na kuwapaka damu, simtetei. Lakini aliyemchoma mfalme ni mume, na kwangu hatia yake ni nzito zaidi. Baadaye anaagiza rafiki yake Banquo auawe huku akimficha mkewe mpango huo. Kisha anaamuru mke na watoto wa Macduff, bwana mkubwa anayempinga, wachinjwe, na hapo Lady Macbeth hana mkono kabisa.