"Picha zinatoka safi, sasa unapima nini?"

Wiki hii nimeulizwa tena, safari hii na mganga mfawidhi: "Fundi, picha zinatoka safi kabisa. Chumba cha eksirei unakifungia nini?" (Mimi ni mwanafizikia ninayepima ubora wa mashine za eksirei, ila kuitwa fundi nimeshazoea.)

Enzi za filamu ningemwelewa. Ukizidisha mionzi, picha nyeusi tii, ukipunguza, imepauka. Detekta ya dijitali, kibao kinachopokea mionzi badala ya filamu, haikuumbui hivyo. Programu yake inasawazisha mwanga na giza mpaka picha ipendeze, upige kwa 5 mAs au 20 (mAs ndiyo kipimo cha wingi wa mionzi unayopiga). Ukipunguza mno utaona chenga. Ukizidisha, picha inazidi kuwa nyororo, daktari anasifu, na mgonjwa ndiye anayebeba dozi. Ndivyo dozi inavyopanda kidogo kidogo idarani bila mtu kukusudia.

Najua, EI (exposure index, namba ya kiasi cha mionzi) ipo pembeni ya picha. Kiwango cha IEC 62494-1 cha 2008 kikaongeza na DI (deviation index), inayoonyesha umepotoka kiasi gani: +3 ni mara mbili ya kilicholengwa, −3 ni nusu. Isomeni. Ila EI inahesabu mionzi iliyofika kwenye detekta, si iliyomwingia mgonjwa.

Ndiyo maana napima mashine yenyewe, na kuipima ubora kwa njia ya kiotomatiki hakuna makuu. IAEA, shirika la kimataifa la nishati ya atomiki, walitoa mwongozo wake mwaka 2021: fantomu (kifaa kinachopigwa badala ya mgonjwa) nyepesi yenye vipande vya shaba na alumini, mteknolojia anapiga kwa vipimo vilevile kila mara, programu inasoma faili na kuchora grafu. Mwanafizikia anaweza kuwa mkoa mwingine.

Sasa linalonipandisha presha: faili gani? Mnanitumia picha iliyokwisha kupambwa! Kingo zimenolewa, chenga zimefutwa, halafu mnataka nipime chenga. Ni sawa na kumpima mtu presha kwenye picha yake ya pasipoti. Fungueni kichwa cha faili la DICOM (muundo wa faili za picha za hospitali), mtafute Presentation Intent Type. Nataka iliyoandikwa FOR PROCESSING, yaani ghafi. Ikiwa FOR PRESENTATION, iliyopambwa, grafu itatulia raha mustarehe huku detekta inachoka. Na iliyopitia WhatsApp, jamani, hata msihangaike kuituma.

Kosa la pili ni kuabudu rangi ya kijani, ambayo programu inaonyesha vipimo vikiwa ndani ya mipaka. Programu inalinganisha leo na siku ulipoweka msingi, yaani vipimo vya mwanzo. Ukiuweka mashine ikiwa tayari mbovu, itakuhakikishia kila asubuhi kwamba iko vilevile. Ni kweli, iko vilevile.

Na mipaka yenyewe? Asilimia kumi, ishirini: mingi ni mazoea yetu tu. Fantomu haina mbavu wala haipumui, na sijawahi kushawishika kwamba alama zake zinatabiri vizuri kama daktari ataona ufa mwembamba wa mfupa. Kwa hiyo natazama mwelekeo kuliko rangi. Nukta saba zikishuka mfululizo, hata zikiwa ndani ya kijani, nabeba kipimadozi na kuanza na bomba la eksirei, kabla sijaisingizia detekta.