Chuo chenye jina na deni lake

Kuna imani ya siku nyingi Unguja na Pemba: mtoto akipata chuo chenye jina ng'ambo, akopewe tu, deni litajilipa lenyewe. Kwa mwanafunzi mgeni, mara nyingi sivyo.

Imani hii imeazimwa kwa wenyeji wa huko ng'ambo. Kijana wa England hukopeshwa na serikali yake, hulipa pale tu mshahara unapovuka kiwango fulani, na kinachobaki hufutwa baada ya miaka mingi. Kijana aliyetoka Wete kwa viza ya masomo hana haki hiyo. Marekani nako mikopo ya serikali kuu kwa kawaida haimhusu, na wakopeshaji binafsi wengi humtaka mdhamini raia au mkaazi wa huko. Akimkosa, familia hutafuta mkopo kwengine, na hapo ndipo nyumba ya urithi inapowekwa rehani.

Tupige hesabu. Pauni 30,000 kwa riba ya asilimia 10 huzaa pauni 3,000 kwa mwaka, deni lenyewe halijaguswa. Akirudi nyumbani, mshahara ni wa shilingi.

Jina lina thamani, sikatai, hasa kwa aliyepata ufadhili kamili kama wa Chevening, unaotolewa na serikali ya Uingereza. Lakini zipo njia nyengine. Vyuo vingi vya umma Ujerumani havitozi ada, ingawa jimbo la Baden-Württemberg huwatoza wasiotoka Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Na tangu 2023, IIT Madras, chuo cha teknolojia cha India, kina kampasi hapa hapa Unguja. Jina kubwa, na ndege hupandi.