Kumsaidia Mtu Mwenye Ulemavu Aamue Mwenyewe

Mtu mwenye ulemavu anapofika benki akiwa ameongozana na ndugu yake, mara nyingi mhudumu humgeukia ndugu na kumuuliza, "Anataka kutoa shilingi ngapi?" Mwenye akaunti yupo hapo hapo dirishani, kitambulisho ni chake na fedha ni zake, na pengine shida yake ni kutosikia tu, au ulimi unaochelewa kutamka kwa sababu ya mtindio wa ubongo. Kliniki nako daktari huelekeza matumizi ya dawa kwa aliyemsindikiza mgonjwa, na katika ofisi ya serikali ya mtaa barua huandikwa kwa maelezo ya shangazi au kaka. Wengi wanaofanya hivi hufanya kwa upendo, lakini mazoea hayo yakiendelea kwa miaka, mtu huzeeka bila kuwahi kuchagua akae wapi, afanye kazi gani wala aoe au aolewe na nani.

Ibara ya 12 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006 na kuridhiwa na Tanzania mwaka 2009, inatambua kwamba watu hawa wana uwezo wa kisheria sawa na watu wengine katika nyanja zote za maisha. Inataja waziwazi haki ya kumiliki na kurithi mali, kusimamia fedha zao na kupata mikopo ya benki kama wengine. Kisha inaweka wajibu ambao husahaulika: nchi ihakikishe kwamba mtu anapata msaada anaouhitaji ili autumie uwezo huo. Mwaka 2014 Kamati inayosimamia mkataba huo ilifafanua kwamba ulemavu wa aina yoyote, ukiwamo ulemavu wa akili, hauwezi kuwa sababu ya kumnyima mtu haki hiyo. Kwa upande wetu, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 inataja miongoni mwa misingi yake kuheshimu utu wa mtu na uhuru wake wa kujichagulia.

Msaada huo unavyofanyika ndiyo sehemu isiyofahamika sana, kwa hiyo tuchukue mfano wa kijana wa miaka 26 mwenye ulemavu wa akili, anayeishi na wazazi wake Kilosa, ambaye amesema anataka kuhamia kwa binamu yake Morogoro mjini akafuge kuku. Kwa kawaida kikao cha familia kingekaa bila yeye na kumaliza jambo kwa maneno machache, kwamba hajui hesabu na ataibiwa. Anayemsaidia kuamua huligawa swali hilo kubwa katika maswali madogo ambayo kijana anaweza kuyashika moja moja: utalala chumba kipi na nani, vifaranga wakifa utafanyaje, ukiugua nani atakupeleka hospitali, na kanisani au msikitini utakwenda na nani. Humpeleka akakae kwa binamu huyo kwa siku kadhaa, kwa sababu nyumba aliyoilala anaweza kuizungumzia vizuri zaidi kuliko nyumba anayosimuliwa. Kuhusu fedha, hutumia noti zenyewe. Kijana asiyeweza kukokotoa bei ya mfuko wa chakula cha kuku kwenye karatasi anaweza kuona vizuri noti zake nyekundu zinavyopungua zinapotolewa mezani, na anaweza kuzigawa katika bahasha zenye picha, moja ya chakula cha kuku, moja ya chakula chake, na moja isiyoguswa mpaka kuwe na dharura.

Baada ya hapo anaulizwa tena siku nyingine, na swali linageuzwa. Hatua hii isirukwe. Watu wengi wenye ulemavu wa akili wamezoezwa tangu utotoni kuitikia "ndiyo" ili wakubwa wasikasirike, na jibu hilo likichukuliwa mara moja na kuandikwa, tutakuwa tumesikia utii wao, tukauita uamuzi. Aliyekubali kuhama aulizwe pia kama angependa kubaki, na aulizwe na mtu mwingine, wazazi wakiwa hawapo chumbani.

Je, akichagua vibaya? Hilo ndilo swali la kwanza la kila mzazi, na ni la haki. Lakini ni watu wazima wangapi wasio na ulemavu wowote wameingia kwenye mikopo ya kausha damu, na hakuna ukoo uliokaa kikao uwanyang'anye simu na kadi ya benki? Kukosea katika mambo ya kawaida ni sehemu ya maisha ya mtu mzima. Kazi ya msaidizi ni kueleza hatari kwa lugha nyepesi na kukubaliana naye mapema nini kifanyike mambo yakiharibika. Pale ambapo mtu hasemi wala hatumii alama zinazoeleweka, juhudi zote zikishindikana kujua anachotaka, Kamati inaelekeza wanaomzunguka wafuate tafsiri iliyo karibu zaidi na matakwa yake: alichokuwa akikipenda, alichokikataa kwa mwili wake, mtu ambaye akiingia yeye hutulia. Wanaomjua vizuri huwa na mengi ya kueleza hapa.

Msaidizi huchaguliwa na mwenyewe, na anaweza kubadilishwa. Si lazima awe mmoja, kwani dada anayeaminika katika mambo ya hospitali huenda asifae katika mambo ya shamba. Asiyefaa kabisa ni yule atakayenufaika na uamuzi wenyewe. Tahadhari hii inahusu pia mikopo isiyo na riba ya halmashauri, ambamo asilimia 2 ya mapato ya ndani hutengwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu: jina la mtu likiwa kwenye orodha ya kikundi, huku biashara ikichaguliwa na kuendeshwa na shemeji, mkopo huo haujamfikia. Vivyo hivyo kwa binti anayechomwa sindano ya uzazi wa mpango bila kuelezwa ni ya nini. Ibara ya 23 ya mkataba inalinda uzazi wake kama wa binti mwingine yeyote.

Kwa mwenye ulemavu unaotokana na afya ya akili, wakati mzuri wa kupanga ni anapokuwa na nafuu. Aandike, au aandikiwe na kusomewa, nani aitwe hali ikibadilika, dawa ipi ilimdhuru zamani, nani akae na watoto. Kenya iliingiza nafasi ya msaidizi wa namna hii katika marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2022, na Peru mwaka 2018 iliondoa kabisa utaratibu wa kumwekea mtu mzima mwenye ulemavu mlezi wa kumwamulia. Kwetu bado kuna kazi, kwani Ibara ya 5 ya Katiba inaruhusu sheria kumzuia mtu kupiga kura kwa sababu ya ugonjwa wa akili.

Ofisi za umma na benki hazina haja ya kungoja mabadiliko ya sheria. Mhudumu amtazame na kumsemesha mwenye shida, ampe muda wa kujibu, na kwa kiziwi atafute mkalimani wa lugha ya alama asiye na maslahi katika jambo hilo. Hati inayowekwa dole gumba isomwe kwa sauti na mtu asiye mnufaika, kisha mwenyewe aeleze kwa maneno au alama zake alichokielewa. Anayeona ndugu yake ananyimwa nafasi hiyo aanzie kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Na jambo likihusu mali au mirathi, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inampa mtu asiye na uwezo wa kumlipa wakili njia ya kupata msaada huo bila malipo. Huko nako aende mwenyewe, na msindikizaji aketi pembeni.