Hitima ya mkopo, zaka isiyohesabiwa

Waislamu wa Dar es Salaam tunaaibishana kwa sunna, ibada ya hiari yenye thawabu, na kusameheana faradhi, ibada ya lazima. Asiyefanya hitima, kisomo cha Qur'ani kwa ajili ya marehemu, atasemwa Buguruni nzima, lakini asiyetoa zaka mwaka wa tano huu hakuna anayemuuliza. Dhana nyingi potofu zinaanzia hapo.

Dhana: Marehemu lazima afanyiwe hitima na arobaini, watu wale pilau.

Ukweli: Faradhi kwa maiti ni kumwosha, kumkafini, kumsalia na kumzika, na baadhi wakifanya, wengine imewaondokea. Kinachofuata ni madeni yake, kisha wasia usiozidi theluthi, kisha mirathi. Masheikh wanahitilafiana kuhusu kisomo cha pamoja, lakini hakuna anayesema ni faradhi. Hata hivyo mjane anachukua mkopo wa kausha damu, wenye riba kubwa, ili sufuria la pilau liinjikwe. Au mchele, nyama na turubai vinalipwa kwa fedha zilizokutwa kabatini kwa marehemu, madeni hayajaguswa, na ndani yake mna haki ya watoto wadogo. Sura ya An-Nisaa, aya ya 10, inasema wanaokula mali ya yatima kwa dhulma wanakula moto matumboni mwao. Hii inanitisha kuliko hitima yoyote iliyoachwa. Jaafar bin Abi Talib alipouawa katika vita vya Muta, mwaka wa 8 Hijria, Mtume (s.a.w.) aliagiza watu waipikie chakula familia yake kwa kuwa imeshughulishwa na msiba. Sisi tumegeuza, wafiwa ndio wanaowapikia majirani.

Dhana: Nalisha futari Ramadhani nzima, zaka nimeshatoa.

Ukweli: Kufuturisha ni sunna yenye thawabu kubwa, lakini hakuondoi zaka. Mwenye duka Kariakoo anatakiwa, kila mwaka wa Kiislamu unapotimia, ahesabu fedha zake pamoja na bidhaa zilizo dukani na stoo kwa bei ya sokoni ya siku hiyo. Zikifikia nisabu, kiwango cha chini kinacholazimu zaka, takriban thamani ya gramu 85 za dhahabu, atoe asilimia 2.5. Anayepokea ni fakiri, maskini na wengine waliotajwa katika Sura ya At-Tawba, aya ya 60. Tende na uji wa msikitini ni jambo jingine.

Dhana: Bila kanzu na kofia swala haitimii.

Ukweli: Kijana wa bodaboda anapitwa na Adhuhuri kijiweni, msikiti uko ng'ambo ya barabara, eti hajavaa kiibada. Kinachomlazimu mwanamume ni kusitiri kati ya kitovu na magoti, na nguo isiwe na najisi. Jasho na vumbi si najisi. Kofia ni pambo zuri, ila aliyeacha faradhi kwa ajili ya kofia amepoteza kikubwa.

Dhana: Funga sita za mwezi wa Shawali zinafidia siku za Ramadhani ulizokula.

Ukweli: Hazifidii. Sita ni sunna, kadha, yaani kulipa siku ulizokula, ni deni.

Dhana: Kama ni sunna tu, basi haina maana.

Ukweli: Bedui mmoja alimuuliza Mtume kuhusu Uislamu, akatajiwa swala tano, funga ya Ramadhani na zaka. Kila mara aliuliza kama kuna zaidi, akajibiwa: hapana, ila ukijitolea. Akaapa hatazidisha wala kupunguza, na Mtume akasema amefaulu akisema kweli. Hadithi hiyo imo kwa Bukhari na Muslim. Lakini imepokewa pia kwamba Siku ya Kiyama upungufu wa swala za faradhi utajazwa kwa za sunna, na ni nani kati yetu ambaye swala zake hazina upungufu?

Tena hukumu hutofautiana. Kuchinja Idi kubwa ni sunna iliyokokotezwa, yaani iliyosisitizwa sana, kwa Shafi, madhehebu ya wengi wetu Pwani, na ni wajibu kwa Hanafi kwa mwenye uwezo. Kunuti, dua inayosomwa kwa kusimama ndani ya swala ya Alfajiri, kwa Shafi ni sunna, akiisahau imamu inaungwa kwa sijida ya kusahau, na swala ni sahihi. Ukimuuliza sheikh, muulize na madhehebu anayojibia.