Spishi ya Kisukuku: Jinsi Trilobiti wa Milimani Wanavyotenganishwa

Spishi ya kisukuku ni kundi la viumbe wa kale ambao wataalamu huwapa jina moja kwa kutegemea umbo lililobaki katika jiwe. Kwa kaa wa mikoko ya Chwaka, Unguja, mtafiti anaweza kuchunguza namna wanavyozaana na kupima vinasaba vyao. Kwa mnyama aliyekwisha kutoweka hana njia hizo, kwa hiyo kila jina analolitoa ni hoja inayoweza kupingwa.

Trilobiti walikuwa arithropodi wa baharini, yaani wa ukoo mpana wa kaa, kamba na wadudu. Walianza kuonekana miaka ipatayo milioni 521 iliyopita, wakatoweka kabisa kiasi cha miaka milioni 252 iliyopita, na spishi zao zilizokwisha kuelezwa zinazidi 20,000. Asitarajie mtu kumkuta trilobiti katika kuta za Mji Mkongwe, ingawa makombe huonekana humo waziwazi, kwa kuwa jiwe la matumbawe la visiwa vyetu ni changa mno. Hupatikana katika miamba ya kale zaidi, mara nyingi milimani, ambako tope la sakafu ya bahari liligeuka jiwe, kisha likanyanyuliwa pale mabamba ya ardhi yaliposukumana.

Mlima Stephen, nchini Kanada, unatoa mfano mzuri. Katika miamba yake yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 500 wamo Ogygopsis klotzi na Olenoides serratus. Wa kwanza ana pingili nane za kifua na ngao pana ya mkia isiyo na miiba. Wa pili ana pingili saba, na ngao yake ya mkia ina miiba pembeni. Mtaalamu hutazama pia uvimbe wa katikati ya kichwa, nafasi ya macho, na mishono ya uso ambayo gamba lilipasukia mnyama alipojivua.

Kujivua huko kunaleta utata, kwani trilobiti mmoja aliacha magamba mengi katika maisha yake, kichwa huku na mkia kule, na kila alipokua pingili ziliongezeka mpaka akafikia idadi ya trilobiti aliyekomaa wa spishi yake. Katika karne ya 19, Joachim Barrande, aliyechunguza miamba ya Bohemia, katika nchi ya Cheki ya leo, alionyesha kuwa vielelezo vingi vilivyopewa majina mbalimbali vilikuwa hatua za ukuaji wa spishi moja tu, Sao hirsuta.

Hata hivyo, mtego mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni mlima wenyewe. Nguvu iliyoinua mwamba iliubana pia, na kilichomo kikabadilika umbo, kama ua la kanga linavyorefuka nguo ikivutwa upande mmoja. Trilobiti aliyelala kufuata mvuto huonekana mrefu na mwembamba. Mwenzake aliyelala kukingama huonekana mfupi na mpana. Aliyelala mshazari hupinda, upande wa kulia usilingane na wa kushoto. Angelina sedgwickii wa kaskazini mwa Wales wanajulikana sana kwa upotofu huo. Njia ya kutoka ni kukusanya vielelezo vingi kutoka tabaka moja na kurekodi kila kimoja kilielekea wapi. Kwa kuwa pande mbili za mnyama zililingana alipokuwa hai, kiasi cha kupinda kwake hupimika, na umbo la awali likakadiriwa kwa hesabu. Urefu na upana visivyosahihishwa hivyo havifai kuwa msingi wa spishi mpya, ilhali idadi ya pingili haiguswi na mbano.

Jina jipya likitolewa, hufungamanishwa na kielelezo kimoja kinachohifadhiwa katika makumbusho, ili atakayetilia shaka akakikague mwenyewe. Pale kilichopatikana ni kipande cha mkia kilichopondeka, mtaalamu mwangalifu huandika jina la jenasi, yaani kundi la spishi zinazokaribiana, peke yake na kuiacha spishi bila jina.