Je, Wajua kwa Nini Kadi Kongwe za Besiboli Hupewa Alama Kabla ya Kuuzwa?

Mwezi Agosti 2022, kadi yenye picha ya Mickey Mantle, mchezaji wa besiboli wa New York Yankees, iliuzwa mnadani nchini Marekani kwa dola milioni 12.6. Kampuni ya Topps iliichapisha mwaka 1952, na kadi nyingine za toleo hilohilo zilizochakaa hazifikishi hata sehemu ya mia ya bei hiyo. Tofauti yao inaonekana kwenye lebo ya kasha la plastiki lililoihifadhi: alama 9.5 kati ya 10.

Alama hizo hutolewa kwa malipo na kampuni za ukaguzi kama PSA, iliyoanzishwa mwaka 1991, na SGC, ambayo ndiyo iliyoikagua kadi hiyo ya Mantle. Mkaguzi huanza kwa kuhakikisha kwamba kadi ni halisi, kisha huipima urefu na upana, kwa sababu iliyopunguzwa kingo ili ionekane mpya huwa ndogo kuliko wenzake. Baada ya hapo huchunguza pembe, kingo, uso na mkao wa picha. Kadi huinamishwa chini ya taa kali, na hapo mkunjo mwembamba usioonekana mchana hujitokeza kama uzi. Ili PSA itoe alama 10, pambizo za mbele zinazokabiliana hazipaswi kutofautiana zaidi ya takriban asilimia 55 kwa 45, yaani ile pana isizidi asilimia 55 ya upana wa zote mbili, na pembe zote nne lazima ziwe kali.

Masharti hayo ni magumu mno kwa kadi zilizotengenezewa watoto. Za mwaka 1952 ziliuzwa pamoja na ubani wa kutafuna, zikatiwa mifukoni, zikafungwa kwa nyuzi za mpira na kubadilishanwa mpaka pembe zikaviringana. Nyingi zilizobaki bila kununuliwa zilitupwa baharini na Topps yenyewe mwaka 1960. Iliyosalimika ikiwa safi ni adimu kwelikweli, na mnunuzi aliye mbali, asiyeweza kuishika, anahitaji neno la mtu asiye na maslahi katika mauzo.

Hata hivyo, alama ni maamuzi ya binadamu. Kadi ya Honus Wagner, iliyotolewa na kampuni ya tumbaku kati ya mwaka 1909 na 1911, ilinunuliwa mwaka 1991 na nyota wa hoki Wayne Gretzky na mshirika wake kwa dola 451,000, na ikawa ya kwanza kupewa alama na PSA: 8. Mwaka 2013, Bill Mastro, mfanyabiashara aliyewahi kuimiliki, alikiri mahakamani huko Chicago kwamba alikuwa ameikata kingo zake. Kwangu mimi, tukio hilo halifuti thamani ya ukaguzi, bali linamtaka mnunuzi aitazame kadi yenyewe kabla ya kuitazama namba.

Mwenye kadi kongwe naye asiisugue, asiipake rangi wala kuinyoosha kwa uzito kabla ya kuituma. Doa la asili hushusha alama tu, ilhali marekebisho yakigunduliwa, kadi inaweza kurudishwa na lebo inayosema kuwa ni halisi lakini imebadilishwa, bila namba yoyote.