Facebook tunayo, tovuti ya nini?

Swali hilo nimeulizwa tena juzi, na katibu wa asasi ya akina mama Tanga. Namheshimu sana, lakini nimechoka kulijibu kwa simu, basi naliandika.

Sina ugomvi na Facebook. Watu wa mtaani wako huko na WhatsApp, wafuateni huko huko. Kama mnaowahudumia ni wakulima wenye simu za kitochi, hata hizo achaneni nazo, tumieni SMS na redio ya jamii. Kosa ni kuufanya ukurasa huo ndiyo makao ya asasi. Mle ni mpangaji tu. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa mpigo kwa takriban saa sita, kwa kuwa mwenye nazo ni mmoja. Mei 2025 X (zamani Twitter) ikafungwa Tanzania. Aliyeweka kila kitu sehemu moja angewaambia nini watu wake, na kupitia wapi?

Lakini hata wenye tovuti wananitia hasira. Domeini, yaani jina la anwani ya tovuti, imesajiliwa kwa jina la nani? Mara nyingi ni la kijana aliyejitolea, kwa barua pepe yake binafsi. Kijana kapata ajira Dodoma, namba kabadilisha. Domeini hulipiwa kila mwaka. Vikumbusho vinamwendea yeye, ofisini hakuna anayejua. Muda ukiisha tovuti inazimika, na barua pepe zote za asasi zenye domeini hiyo zinazimika nayo. Wengine wanadhani wamejikinga kwa kusajili kwa barua pepe ya domeini hiyo hiyo. Ikizimika, ujumbe wa kuirudisha mtausomea wapi? Fungueni Gmail ya asasi kwa kazi hiyo tu, iwe na laini iliyosajiliwa kwa jina la taasisi, na neno la siri walijue viongozi wawili.

Domeini iishie na .or.tz au .org? Yoyote. Ila .org haithibitishi chochote, mtu yeyote anaweza kuisajili.

Tovuti italeta michango? Nina mashaka. Michango ya hapa nyumbani naiona ikija kwa kundi la WhatsApp na namba ya M-Pesa, si kwa kitufe cha kuchangia. Mfadhili wa nje anaingia kuhakiki: namba ya usajili, majina ya bodi, hesabu zilizokaguliwa. Kama hilo linabadili uamuzi wake, sijui, na anayewauzia tovuti ya mamilioni naye hajui. Ninachojua ni kwamba Google hutoa matangazo ya bure ya hadi dola 10,000 kwa mwezi kwa asasi zinazokidhi masharti, na sharti mojawapo ni tovuti yenye domeini yenu wenyewe. Ukurasa wa Facebook hawaupokei.

Basi anzeni na ukurasa mmoja, mwepesi, usiomaliza bando la mtu, wenye hayo matatu anayohakiki mfadhili na namba ya simu inayopokelewa. Na ripoti iwe ya mwaka jana. Mfadhili akikuta ya mwisho ni ya 2019, atajua asasi imekufa.